Gramu, moli na atomu: namna ya kuhesabu kutoka kimoja hadi kingine bila kupotea

Mizani hupima gramu, lakini mimenyuko ya kikemia huenda kwa idadi. Atomu moja ya magnesiamu huungana na atomu moja ya oksijeni, iwe hizo atomu ni nzito au nyepesi. Kwa hiyo yeyote anayetaka kuchanganya kemikali kwa kiasi sahihi lazima ageuze gramu alizopima ziwe idadi ya chembe, kisha ageuze idadi hiyo iwe gramu tena. Katikati ya pande hizo mbili imekaa moli, na kila hesabu hupitia hapo.

Hesabu zenyewe ni kuzidisha na kugawanya tu. Wanaokosea mara nyingi wanajua kuzidisha vizuri kabisa. Kinachowaangusha ni kutojua wanahesabu chembe gani. Basi kila unapoandika neno moli, jiulize: moli za nini? Za atomu, za molekuli, au za ayoni (atomu au kundi la atomu lenye chaji)? Jibu lake liandike palepale kwenye mstari wa hesabu.

NAMBA MBILI UNAZOHITAJI

Namba ya kwanza haibadiliki kwa dutu yoyote. Moli moja ina chembe 6.02214076 × 10²³, na hiyo ndiyo namba ya Avogadro. Imepewa jina la Amedeo Avogadro wa Italia, ambaye mwaka 1811 alipendekeza kwamba gesi zenye ujazo sawa, zikiwa katika joto na kanieneo sawa, zina idadi sawa ya molekuli. Mwenyewe hakuijua namba hii; aliyeiita kwa jina lake ni Mfaransa Jean Perrin, mwaka 1909. Zamani moli ilielezwa kuwa idadi ya atomu zilizomo katika gramu 12 za kaboni-12. Tangu tarehe 20 Mei 2019 namba yenyewe ndiyo iliyowekwa kuwa maana ya moli, na tarakimu zake ni kamili, hazina kadirio. Mabadiliko hayo hayagusi hesabu yoyote ya darasani wala ya maabara ya kawaida. Tumia 6.022 × 10²³ uendelee na kazi.

Moli ni jina la idadi, kama vile dazeni ilivyo jina la 12. Haina uzito wake yenyewe. Uzito unategemea umehesabu nini.

Namba ya pili hutofautiana kwa kila dutu: masi ya moli moja, inayoandikwa M, na vizio vyake ni gramu kwa moli (g/mol). Kwa elementi, inasomwa moja kwa moja kwenye jedwali la elementi. Kila chumba cha jedwali kina namba mbili, na hapa ndipo anayeanza anapoteleza. Namba nzima ni idadi ya protoni. Namba ambayo kwa kawaida ina desimali ndiyo masi. Shaba ina 29 na 63.546. Unayoitaka ni 63.546.

Desimali hizo zina sababu. Klorini ya asili ni mchanganyiko wa isotopu mbili, yaani atomu za elementi ileile zenye masi tofauti: klorini-35 ambayo ni takribani robo tatu ya atomu zote, na klorini-37 ambayo ni robo iliyobaki. Wastani wake ni 35.45. Hakuna atomu hata moja ya klorini yenye masi hiyo, lakini ukichota gramu kadhaa za klorini wastani huo ndio unaoshika.

Mifano yote hapa chini inatumia thamani hizi: H 1.008, C 12.011, N 14.007; O 15.999, Na 22.990, Mg 24.305, Al 26.982, S 32.06, Cl 35.45, Ca 40.078; Fe 55.845, Cu 63.546. Ikiwa uko kwenye mtihani na karatasi imekupa O = 16 na Cl = 35.5, fuata karatasi. Majibu ya msahihishaji yamekokotolewa kwa namba hizohizo.

RAMANI YA SAFARI

Gramu ⇄ moli ⇄ chembe ⇄ atomu zilizomo ndani ya chembe

Kutoka gramu kwenda moli, gawanya kwa M. Kurudi, zidisha kwa M.
Kutoka moli kwenda chembe, zidisha kwa 6.022 × 10²³. Kurudi, gawanya.
Kutoka chembe kwenda atomu zilizomo ndani yake, zidisha kwa idadi ya atomu katika fomula. Kurudi, gawanya.

Wengi hufundishwa pembetatu yenye herufi tatu, unafunika moja na kusoma zilizobaki. Inafanya kazi, ila haina njia ya kukuonya ukikosea. Vizio vinaonya. Ukiandika gramu ÷ (gramu kwa moli), gramu zinakatana na kubaki moli, kwa hiyo uko sawa. Ukizidisha kwa bahati mbaya utapata gramu za mraba kwa moli, kitu ambacho hakipo duniani, na utajua hapohapo kwamba umegeuza alama. Tabia ya kuandika vizio kila mstari inachukua sekunde chache na inaokoa maswali mazima.

KUTOKA GRAMU HADI ATOMU

Kipande cha waya wa shaba tupu kina gramu 5.00. Kina atomu ngapi?

Hatua ya kwanza, tafuta moli:
5.00 g ÷ 63.546 g/mol = 0.078683 mol ya atomu za shaba

Hatua ya pili, tafuta idadi:
0.078683 mol × 6.022 × 10²³ kwa moli = 4.738 × 10²² atomu

Hatua ya tatu, kadiria mwishoni. Masi ilitolewa kwa tarakimu muhimu tatu, kwa hiyo jibu ni 4.74 × 10²² atomu.

Neno "mwishoni" lina uzito. Ukikadiria moli kuwa 0.079 kabla ya kuzidisha, utapata 4.76 × 10²². Ukikadiria hadi 0.08 utapata 4.82 × 10²². Hesabu ni ileile, waya ni uleule, majibu matatu tofauti. Acha namba nzima ibaki kwenye kumbukumbu ya kikokotoo, na kwenye karatasi andika angalau tarakimu mbili zaidi ya zile utakazotoa kwenye jibu.

KIKOKOTOO KINAVYOKUPOTEZA

Hapa inafaa kusimama kidogo, maana mtu anaweza kuwa ameelewa kemia yote na bado jibu likatoka ovyo.

Kikokotoo cha kisayansi kina kitufe maalumu cha vipeo vya kumi. Kwenye vingine kimeandikwa EXP, kwenye vingine EE au ×10ˣ. Kitufe hicho tayari kinamaanisha "zidisha kwa kumi kwa kipeo cha…". Kuingiza namba ya Avogadro unabonyeza 6.022, halafu EXP, halafu 23, basi. Kuna anayebonyeza 6.022 × 10 EXP 23, na kikokotoo kinasoma 6.022 × 10 × 10²³. Jibu lake linakuwa kubwa mara kumi ya linavyotakiwa, na kwa kuwa tarakimu za mbele zinafanana na za wenzake, haoni kosa.

Kosa la pili ni baya zaidi. Chukua hesabu ya 1.50 × 10²⁴ ÷ 6.022 × 10²³. Ukiiandika yote kwa vitufe vya kuzidisha na kugawanya bila mabano, kikokotoo kinagawanya kwa 6.022 kwanza, kisha kinazidisha kwa 10²³. Unapata 2.49 × 10⁴⁶ badala ya 2.49. Tumia kitufe cha EXP, kinachoifanya namba nzima kuwa kitu kimoja, au weka mabano: (1.50 × 10²⁴) ÷ (6.022 × 10²³). Kwenye lahajedwali la kompyuta au simu, andika 6.022E23.

KUTOKA ATOMU HADI GRAMU

Unataka atomu 1.50 × 10²⁴ za alumini. Upime gramu ngapi?

1.50 × 10²⁴ ÷ 6.022 × 10²³ kwa moli = 2.491 mol ya atomu za alumini
2.491 mol × 26.982 g/mol = 67.2 g

Kurudi nyuma ni njia ileile ikitembewa kinyume. Ukiwa na shaka, chukua jibu lako ulirudishe: 67.2 ÷ 26.982 × 6.022 × 10²³ lazima ikupe 1.50 × 10²⁴.

Kwa njia hiyohiyo unaweza kupata masi ya atomu moja tu. Dhahabu ina M ya 196.97 g/mol, kwa hiyo atomu moja ni 196.97 ÷ 6.022 × 10²³ = 3.27 × 10⁻²² g. Atomu ya haidrojeni ni 1.67 × 10⁻²⁴ g. Ya uraniamu, ambayo ni miongoni mwa nzito kabisa zinazopatikana katika asili, ni 3.95 × 10⁻²² g.

Namba hizo mbili za mwisho zinafaa kukaa kichwani, kwa sababu zinakupa kipimo cha kukagua jibu lolote. Masi ya atomu moja, kuanzia haidrojeni hadi uraniamu, ipo kati ya 1.7 × 10⁻²⁴ g na 4 × 10⁻²² g. Ukiigeuza, gramu moja ya elementi ina kati ya atomu 2.5 × 10²¹ na 6 × 10²³. Ukipata kwamba gramu 5 za shaba zina atomu 10⁻²², umegawanya mahali pa kuzidisha. Ukipata atomu moja yenye gramu 10²⁵, umeibebesha atomu uzito wa karibu sehemu moja ya saba ya Mwezi.

KAMPAUNDI: SEHEMU INAYOTAKA SUBIRA

Kwa kampaundi, M unaijenga mwenyewe kwa kujumlisha masi za atomu zote zilizomo katika fomula. Maji, H₂O: 2 × 1.008 + 15.999 = 18.015 g/mol.

Chukua gramu 9.00 za maji.

9.00 g ÷ 18.015 g/mol = 0.49958 mol ya molekuli za maji
0.49958 × 6.022 × 10²³ = 3.01 × 10²³ molekuli

Sasa, "atomu ngapi" ni swali jingine. Kila molekuli ina atomu tatu, kwa hiyo atomu zote ni 9.03 × 10²³. Atomu za haidrojeni peke yake ni mara mbili ya molekuli, yaani 6.02 × 10²³, na za oksijeni ni 3.01 × 10²³. Soma swali hadi neno la mwisho. Molekuli, atomu zote, atomu za elementi moja: haya ni majibu matatu kutoka gramu zilezile, na mtihani unaweza kuuliza lolote kati yake.

Mabano ndani ya fomula yanataka umakini zaidi. Naitreti ya kalsiamu isiyo na maji ni Ca(NO₃)₂. Namba 2 iliyo nje ya mabano inazidisha kila kitu kilichomo ndani: naitrojeni ni 2, oksijeni ni 6.

Ca: 1 × 40.078 = 40.078
N: 2 × 14.007 = 28.014
O: 6 × 15.999 = 95.994
Jumla: 164.086 g/mol

Andika hivi, mstari kwa kila elementi, hata kama unaona fomula ni rahisi. Aliyesahau kuzidisha naitrojeni kwa 2 atapata 150.079, namba isiyotia shaka yoyote kwa macho, na moli zake zote kuanzia hapo zitazidi kwa asilimia tisa hivi.

Gramu 8.20 za naitreti hiyo zina atomu ngapi za oksijeni?

8.20 ÷ 164.086 = 0.049974 mol ya Ca(NO₃)₂
0.049974 × 6.022 × 10²³ = 3.009 × 10²² makundi ya Ca(NO₃)₂
3.009 × 10²² × 6 = 1.81 × 10²³ atomu za oksijeni

Tumesema "makundi" kwa makusudi. Naitreti ya kalsiamu na kloridi ya sodiamu ni fuwele za ayoni, hazina molekuli. Fomula NaCl inaeleza uwiano tu: ayoni moja ya sodiamu kwa ayoni moja ya klorini, ikijirudia pande zote za fuwele. Hesabu haibadiliki. Gramu 5.844 za NaCl (M = 58.44 g/mol) ni 0.1000 mol ya makundi ya NaCl, zenye 0.1000 mol ya Na⁺ na 0.1000 mol ya Cl⁻, jumla 0.2000 mol ya ayoni, au ayoni 1.204 × 10²³. Na usihangaike kupunguza masi ya elektroni iliyoondoka kwenye sodiamu. Elektroni ina takribani sehemu moja ya 1836 ya masi ya protoni, na iliyotoka kwa sodiamu imeingia kwa klorini vilevile.

GESI ZENYE ATOMU MBILI

Haidrojeni, naitrojeni, oksijeni, florini, klorini, bromini na iodini zikiwa peke yake hukaa kwa jozi: H₂, N₂, O₂, F₂, Cl₂, Br₂, I₂. Jedwali la elementi linakupa masi ya atomu moja tu. Hapa swali la "moli za nini" linaonyesha thamani yake.

Gramu 14.0 za gesi ya naitrojeni zina atomu ngapi? Njia mbili zote ni halali:

Kwa molekuli: 14.0 ÷ 28.014 = 0.500 mol ya N₂, × 6.022 × 10²³ = 3.01 × 10²³ molekuli; × 2 = 6.02 × 10²³ atomu.
Kwa atomu: 14.0 ÷ 14.007 = 1.00 mol ya atomu za N, × 6.022 × 10²³ = 6.02 × 10²³ atomu.

Majibu yanakubaliana. Kinachoharibu ni kuchanganya njia hizo: kugawanya kwa 14.007, halafu mwishoni kukumbuka kwamba naitrojeni ni jozi na kuzidisha kwa 2. Jibu linatoka 1.20 × 10²⁴, mara mbili ya ukweli, kwa sababu jozi imehesabiwa mara mbili. Kama uliandika "mol ya atomu za N" kwenye mstari wa kwanza, mkono wenyewe utakataa kuzidisha tena.

KINACHOPIMWA KWENYE MIZANI SI LAZIMA KIWE DUTU TUPU

Hili halikai sana kwenye vitabu vya mazoezi, lakini maabarani ndilo linaloharibu kazi.

Kwanza ni maji ya fuwele. Salfeti ya shaba ya bluu ni CuSO₄·5H₂O. Ile nyeupe isiyo na maji ni CuSO₄. Nukta iliyo katikati ya fomula ina maana kwamba molekuli tano za maji zimo ndani ya fuwele kwa kila kundi la CuSO₄. Nukta hiyo haimaanishi kuzidisha masi. Unajumlisha:

CuSO₄: 63.546 + 32.06 + 63.996 = 159.602
5H₂O: 5 × 18.015 = 90.075
Jumla: 249.677 g/mol

Ukitaka 0.100 mol ya salfeti ya shaba na kwenye chupa kuna fuwele za bluu, pima 24.97 g. Aliyetumia M ya ile isiyo na maji atapima 15.96 g za bluu, na atakuwa na 0.0639 mol tu, pungufu kwa asilimia 36. Myeyusho wake utakuwa wa bluu na mzuri kuutazama, hakuna dalili yoyote ya kosa. Kwa hiyo kabla ya kuanza hesabu soma fomula iliyo kwenye lebo ya chupa. Lebo nyingi zimeandika na M yenyewe. Ilinganishe na uliyoikokotoa.

Pili ni usafi. Lebo ikisema dutu ni safi kwa asilimia 92, basi kila gramu 100 za unga ule zina gramu 92 za unachokitaka. Ukianza na gramu ulizopima, zidisha kwa 0.92 kabla ya kugawanya kwa M. Ukianza na moli unazozitaka, pata gramu za dutu tupu kwanza, kisha gawanya kwa 0.92 ili upime zaidi. Kugeuza hatua hizi mbili ni kosa la kila siku. Jiulize tu kama dutu chafu inatakiwa kupimwa zaidi au kidogo kuliko dutu safi. Lazima iwe zaidi.

Hidroksidi ya sodiamu ina tatizo la ziada: hufyonza unyevu na kaboni dioksidi kutoka hewani hata ikiwa juu ya mizani. Masi inaongezeka huku hidroksidi halisi haiongezeki. Pima haraka, funga chupa, na ukubali kwamba ukolezi wa myeyusho huo ni wa kukisia hadi uulinganishe kwa asidi ambayo ukolezi wake unajulikana kwa hakika.

Tatu ni asidi za majimaji. Asidi ya haidrokloriki iliyokolea huuzwa kwa kawaida ikiwa asilimia 37 kwa masi, na densiti yake ni karibu 1.18 g/mL. Ukihitaji 0.100 mol ya HCl (M = 36.458):

0.100 × 36.458 = 3.646 g za HCl tupu
3.646 ÷ 0.37 = 9.85 g za asidi kutoka kwenye chupa
9.85 ÷ 1.18 = 8.35 mL

Tazama jinsi kila mgawanyo ulivyo na kazi yake: wa kwanza unaingiza maji yaliyomo ndani ya asidi, wa pili unageuza gramu kuwa mililita. Asidi hii hutoa mvuke unaochoma; ifanyie kazi penye feni ya kutoa hewa chafu, vaa glavu na miwani, na umimine asidi ndani ya maji, kamwe maji ndani ya asidi.

Na miligramu. M iko katika gramu kwa moli, kwa hiyo miligramu 250 ziandike 0.250 g kabla ya jambo lolote lingine. Kosa la mara elfu moja hutokea hapa kuliko mahali pengine popote.

KUTOKA GRAMU HADI FOMULA

Hesabu hizihizi zinaweza kukufunulia fomula ya kampaundi usiyoijua. Tuseme oksidi ya chuma imechunguzwa na kuonekana ina chuma asilimia 69.94 na oksijeni asilimia 30.06 kwa masi. Chukulia una gramu 100, ili asilimia ziwe gramu.

Fe: 69.94 ÷ 55.845 = 1.2524 mol
O: 30.06 ÷ 15.999 = 1.8789 mol

Gawanya zote kwa iliyo ndogo: Fe 1.000, O 1.500. Usikadirie 1.5 kuwa 2; ungeandika FeO₂ na kukosa kabisa. Zidisha zote kwa 2 upate namba nzima: Fe₂O₃. Ukikutana na 1.33 au 1.67 zidisha kwa 3, 1.25 au 1.75, zidisha kwa 4. Namba kama 1.98 au 3.02 ndizo za kukadiria, kwa kuwa hiyo ni tofauti ndogo ya vipimo.

Hapa naitrojeni, oksijeni na wenzake wa jozi hutumia masi ya atomu moja, 15.999 na si 31.998. Unatafuta atomu zilizofungwa ndani ya kampaundi, na humo hazikai kama gesi.

GESI KWA UJAZO

Gesi ni taabu kuipima kwa mizani, hivyo hupimwa kwa lita. Moli moja ya gesi huchukua karibu lita 22.4 katika nyuzi 0 za Selsiasi na kanieneo ya 101.325 kPa. Kanieneo ikiwa 100 kPa kamili katika joto hilohilo ni lita 22.7, na katika joto la chumba vitabu vingi hutumia lita 24. Gawanya lita kwa namba inayolingana na hali uliyopewa, na utakuwa na moli za molekuli za gesi. Usitumie 22.4 kwa maji ya kimiminika au kwa kitu kigumu. Wanafunzi hulifanya hili mara nyingi na namba inatoka bila maana yoyote.

KUPELEKA MOLI KWENYE MMENYUKO

Magnesiamu ikiungua: 2Mg + O₂ → 2MgO. Namba zilizo mbele ya fomula zinahesabu chembe, kwa hiyo zinahesabu moli pia. Hazisemi lolote kuhusu gramu.

Una gramu 10.0 za magnesiamu na gramu 10.0 za oksijeni. Gramu ni sawa, lakini je, zitaisha pamoja?

Mg: 10.0 ÷ 24.305 = 0.4114 mol
O₂: 10.0 ÷ 31.998 = 0.3125 mol

Kila moli mbili za Mg hutaka moli moja ya O₂, kwa hiyo magnesiamu yote inahitaji 0.4114 ÷ 2 = 0.2057 mol ya O₂. Oksijeni iliyopo ni zaidi ya hapo. Magnesiamu ndiyo itakayokwisha kwanza, na ndiyo inayoamua mazao. Tazama kwamba magnesiamu ina moli nyingi kuliko oksijeni na bado ndiyo inayoisha; kulinganisha moli bila kuangalia namba za mlinganyo kungekupa jibu la kinyume.

MgO: moli ni sawa na za Mg, 0.4114; × 40.304 g/mol = 16.58 g
O₂ iliyobaki: 0.3125 − 0.2057 = 0.1068 mol, × 31.998 = 3.42 g

Sasa kagua. Ulianza na gramu 20.0 za vitu vyote. Mwishoni una 16.58 + 3.42 = 20.00 g. Jumla ikigoma kulingana kwa zaidi ya tofauti ndogo ya ukadiriaji, rudi kwanza kwenye M za kila dutu, kisha kwenye usawazishaji wa mlinganyo. Lakini ujue mpaka wa ukaguzi huu: ukichagua kwa kosa oksijeni kuwa ndiyo inayoisha, gramu zinaweza bado kujumlika vizuri, ila magnesiamu "iliyobaki" itatoka ikiwa namba hasi. Ukiona alama ya kutoa mbele ya kitu kilichobaki, umemchagua asiyeisha.